Kibaba cha Maji: Je, Kumfundisha Mtoto Kutunza Dunia ni Dini?



Asubuhi moja ya Jumapili alikuja msikitini mtu mmoja mtafuta haki, ambaye kwa majuma kadhaa alikuwa akisoma vitabu vya Jamaat na kuuliza maswali mazuri. Aliwakuta Atfal, yaani watoto wetu wa kiume wa miaka 7 hadi 15, wamo katika Waqar-e-Amal. Baadhi yao walikuwa wakifagia njia ipitayo mbele ya msikiti mpaka milangoni kwa majirani, wengine wakiokota chupa za plastiki mtaroni, na wadogo kabisa wakimwagilia miche ya miembe kwa maji yaliyokingwa kwa ndoo chini ya mabomba ya udhu. Akasimama akiwatazama, kisha akaniambia: "Mwalimu, niwie radhi. Mimi nimekuja kumtafuta Mungu, nanyi mnawafundisha watoto habari za takataka. Kazi hii hata mtu asiyemwamini Mungu aweza kuifanya, na pengine akaifanya vizuri kuwapita nyinyi. Dini imo wapi hapa?"

Swali hili lina maswali matatu ndani yake. La kwanza: je, mambo haya madogo yamo kweli katika dini, au tumeyaingiza sisi ili tuonekane watu wa kisasa? La pili: ikiwa asiyeamini naye aweza kuyafanya, dini inaongeza nini? La tatu, ambalo hakulitamka lakini nililiona usoni pake: kuna faida gani mtoto kuokota chupa moja, hali watu wazima wanachafua mito na bahari? Nataka tuyatazame yote matatu, kwa kuwa kila mzazi aliyeingia katika Jamaat karibuni atakutana nayo nyumbani kwake.

Tuanze na la kwanza. Qur'an Tukufu inapoeleza kuumbwa kwa mwanadamu inamtaja kuwa ni khalifa katika ardhi (2:31). Khalifa hana milki yake mwenyewe. Hutawala kwa niaba ya aliyemweka, naye ataulizwa. Kadhalika Sura Rahman inataja kwamba Mwenyezi Mungu ameweka mizani, na kutuonya tusiipotoe mizani hiyo (55:8-10). Na katika Sura An'am tunafundishwa kwamba wanyama watambaao na ndege warukao ni jumuiya kama sisi (6:39). Basi mtoto anayemtupia ndege jiwe kwa manati amevamia jumuiya ya viumbe wa Mola wake, ingawa yeye adhani anacheza tu.

Mtume Mtukufu s.a.w. hakuyaacha mafundisho haya yabaki juu kama mawingu yasiyonyesha. Aliyashusha mpaka kwenye bakuli la chakula na chombo cha udhu. Umar bin Abi Salama r.a. alilelewa nyumbani kwa Mtume s.a.w. Alipokuwa mtoto, mkono wake ulikuwa ukizunguka sahani nzima wakati wa kula. Mtume s.a.w. hakumkaripia, alimfundisha kwa upole ataje jina la Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilichoko mbele yake. Bukhari ameipokea habari hii, na ndani yake Umar mwenyewe ashuhudia kwamba tangu siku ile hiyo ndiyo ikawa desturi yake ya kula. Tazama, ndugu msomaji: maneno machache aliyoambiwa mtoto kwenye sahani yalidumu naye utu uzima wake wote.

Sasa tutazame maji. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume s.a.w. alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, na kuoga kwa mudi nne mpaka tano. Mudi ni kipimo kinachokaribia kibaba chetu. Kwa hesabu ya wanavyuoni wengi ni kama theluthi mbili za lita. Na katika Ibn Maja imesimuliwa kwamba alimpitia Saad r.a. akitawadha, akamwuliza ubadhirifu ule ni wa nini. Saad akashangaa kusikia kwamba hata katika udhu kuna ubadhirifu. Mtume s.a.w. akamjibu kwamba upo, hata kama mtu yuko kando ya mto unaokwenda.

Neno hilo la mto ndilo ufunguo. Kando ya mto hakuna uhaba. Anayetawadha hapo hamnyimi mtu maji, na hakuna atakayemlaumu. Kama sababu ya kutunza ingekuwa hofu ya kupungukiwa peke yake, basi penye wingi sababu ingeondoka. Lakini Mtume s.a.w. hakuiondoa. Twajua kwa hiyo kwamba mbali na haja ya jirani kuna haki nyingine, nayo ni haki ya Yule aliyetoa neema ile.

Hapo tumekwisha kulikaribia swali la pili. Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, katika makala yake mashuhuri iliyosomwa Lahore mwezi Desemba 1896 mbele ya mkutano wa dini mbalimbali, alieleza hali tatu za mwanadamu: hali ya tabia ya asili, hali ya maadili, na hali ya kiroho. Alifafanua kwamba upole wa asili wenyewe haujawa wema wa kimaadili. Huwa wema unapoongozwa na akili na kutumiwa mahali pake. Na maadili nayo humpandisha mtu kwenye hali ya kiroho anapojitoa kwa ajili ya Mungu.

Chukua sasa tendo moja tu, la mtoto kufunga bomba. Mtoto wa miaka mitatu hulifunga kwa sababu anapenda kuzungusha kitu, na kesho atalifungua kwa sababu ile ile. Hiyo ni tabia ya asili. Haina sifa wala lawama. Mtoto wa miaka saba hulifunga kwa sababu amefahamu kwamba mama yake huamka alfajiri kuyangoja maji yale, au kwamba jirani hana bomba. Hayo ni maadili, na asiyeamini naye aweza kuyafikia. Tusimnyime haki yake. Lakini mtoto wa miaka kumi aliye peke yake nyuma ya nyumba, maji yakiwa tele, hakuna amwonaye, akalifunga kwa kuwa anajua kwamba Mola wake anamwona na maji ni amana Yake, huyo amepiga hatua ya kwanza katika njia ya roho. Mkono ni ule ule, na bomba ni lile lile. Dini haiji kulibadilisha tendo. Huja kulipa roho.

Huenda utauliza: sasa nyumbani nifanye nini? Nitakutajia mambo matano, yasiyohitaji fedha.

Mpe mtoto wako kopo linalofikia kibaba kimoja, liwe lake kwa udhu. Atawadhe kwalo, na akishinda afurahi. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Yeye atajifunza kwamba kibaba nacho, kikitumiwa haba na haba, chatosha.

Mwache ajipakulie chakula kidogo, na akitaka aongeze, lakini asiache makombo. Sura A'raf inaruhusu kula na kunywa, na papo hapo inakataza kupita kiasi (7:32). Maganda na mabaki yasiyolika ayapeleke kwenye shimo la mboji nyuma ya nyumba, kisha aone kwa macho yake yanavyogeuka udongo mweusi wa kuoteshea mchicha.

Mfundishe kuondoa njiani kila chenye kudhuru: kigae, mwiba, ganda la ndizi, mfuko wa plastiki. Mtume s.a.w. alihesabu jambo hili kuwa tawi la imani, akalitaja kuwa la chini kabisa katika matawi yake zaidi ya sitini. Tawi la chini ndilo ambalo mkono wa mtoto unalifikia.

Mpe mche mmoja aupande na aumwagilie. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mwislamu akipanda mti, kisha akala kutoka kwake mtu, ndege au mnyama, huwa ni sadaka kwake. Mtoto hana shilingi ya kutoa sadaka, lakini kwa mche mmoja aweza kuwa mtoaji.

Tena mzoeze huruma kwa wanyama. Msimulie habari ya mtu aliyeteremka kisimani akajaza kiatu chake maji, akamnywesha mbwa mwenye kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe dhambi zake. Msimulie pia jinsi Mtume s.a.w. alivyoamuru makinda yarudishwe kwa mama yao, baada ya baadhi ya Masahaba kuyachukua safarini. Ukimaliza hadithi hizo hutahitaji kumnyang'anya manati. Huenda akaileta mwenyewe.

Limebaki swali la tatu, ambalo ni zito. Yatupasa kusema kweli: mtoto hataiokoa dunia kwa kufunga bomba. Sura Rum inataja uharibifu uliodhihiri barani na baharini kuwa ni matokeo ya yale iliyoyachuma mikono ya watu (30:42), na mikono iliyochuma zaidi si ile midogo. Wako wakubwa waliokata misitu kwa faida yao, na wako walioelekeza maji machafu mitoni. Kumwambia mtoto kwamba mambo hayo yanangoja chupa yake moja ni kumtwisha mzigo usio wake, nayo ni dhuluma.

Kwa nini basi tumfundishe? Kwanza, kwa sababu Muumini hapimi tendo kwa matokeo peke yake. Imepokewa katika Musnad ya Imam Ahmad na katika Adabul Mufrad ya Bukhari kwamba Mtume s.a.w. alimwagiza mtu mwenye mche mkononi aupande, hata kama Kiyama kimemfikia, maadam anaweza. Mche ule hautazaa, wala hakuna atakayeketi kivulini mwake. Ameamriwa aupande kwa sababu yeye ni mtumishi, na kazi ya mtumishi ni kutii mpaka saa ya mwisho.

Pili, kwa sababu sheria peke yake haitoshi. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008; Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017 kwa adhabu kali ya faini ya mamilioni ya shilingi au kifungo; na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Sheria hizo ni njema, na masoko yetu yalibadilika kwazo. Walakini sheria iliuondoa mfuko ule mkononi, haikuondoa moyoni desturi ya kutumia kitu na kukitupa. Pita mtaroni baada ya mvua uone chupa zilivyojaa. Askari hawezi kusimama kwenye kila mtaro, ila tabia iliyoota utotoni hufuatana na mtu popote. Samaki hukunjwa angali mbichi. Na mtoto huyu ndiye kesho atakayekuwa mwenye kiwanda, au hakimu, au diwani wa kuamua maji machafu yaelekezwe wapi.

Nisingependa, hata hivyo, uniwazie kwamba naandika haya kama mtu aliyekwisha kuyashinda. Siku moja nilikuwa nikiwafundisha watoto ile Hadithi ya mudi, nikawaonyesha kibaba, nao wakakipokezana kwa mshangao. Mtoto mmoja wa miaka tisa akanyosha mkono, akasema: "Mwalimu, samahani. Na wewe hutawadha kwa kibaba?" Nilinyamaza. Baada ya darasa nikaweka ndoo ya lita 10 chini ya bomba nikatawadha kama nilivyozoea. Kabla sijamaliza kuosha miguu, ndoo ilikuwa imejaa na kumwagika. Nikahesabu: lita 10 ni karibu vibaba 15. Nilikuwa nimepita miaka kadhaa katika chuo cha dini ugenini, nimeisoma Hadithi ile pamoja na wapokezi wake, na kila siku nilikuwa nikimwaga nyudhu 15 za Mtume s.a.w. katika udhu wangu mmoja. Jumapili iliyofuata niliwaambia watoto ukweli huo. Ndipo ndoo zikawekwa chini ya mabomba, na ndiyo maji yale aliyoyaona mgeni wetu yakimwagiwa miembe.

Basi, ndugu msomaji, usimwagize mwanao jambo usilolifanya. Akiona baba anafagia njia pamoja naye, atafahamu bila hotuba kwa nini kazi hii tunaiita Waqar-e-Amal, yaani heshima ya kazi. Akiona baba ameketi na kumwelekeza kwa kidole, atajifunza kuelekeza kwa kidole.

Yule mtafuta haki nilimweleza kwa ufupi haya uliyoyasoma. Hakusema kwamba ameridhika, nami sikumshurutisha. Aliniuliza tu kama ile Hadithi ya mto aweza kuisoma mwenyewe, nikamfungulia kitabu. Aliposoma aliinuka kwenda kutawadha, ingawa alikuwa bado hajajiunga nasi, maana alipenda kutazama Sala yetu akiwa safi. Nilisikia bomba likifunguliwa, na mara likafungwa. Likafunguliwa tena kidogo, na likafungwa.

Mwenyezi Mungu atujalie tuwe wenye kuchunga amana Zake, ndogo na kubwa, na awajalie watoto wetu wawe bora kuliko sisi. Amin.