Ushauri Usio na Adhabu

Februari 2011 baridi kali iliikumba Texas. Mabomba yaliganda, mitambo ya kufua umeme ikazimika mmoja baada ya mwingine, na mamilioni ya watu wakakosa umeme. Wachunguzi wa serikali ya shirikisho ya Marekani waliandika ripoti nene: fungeni vihami kwenye mabomba, wekeni nyaya za kupasha joto, kingeni upepo. Walikumbusha pia kwamba ushauri kama huo ulikwisha kutolewa baada ya baridi ya 1989. Bunge la jimbo likatunga sheria ya kutaka taarifa za maandalizi. Haikumlazimisha mtu yeyote kuifanya kazi yenyewe.

Fundi wa mtambo simlaumu. Katika soko la Texas la wakati huo kampuni ililipwa kwa umeme iliouza, si kwa kujiandaa. Aliyegharimia vihami peke yake alibeba gharama ambayo mshindani asiyejali hakuwa nayo. Ni sheria pekee ingewabebesha wote gharama hiyo kwa pamoja, nayo ilinyamaza.

Usiku wa kuamkia 15 Februari 2021 baridi ilirudi, kali zaidi. Katika chumba cha kuongozea gridi cha ERCOT, shirika linaloendesha gridi ya sehemu kubwa ya Texas, masafa ya umeme, ambayo hutakiwa kuwa hezi 60, yalishuka chini ya 59.4. Yakikaa hapo dakika 9, mitambo huanza kujizima yenyewe ili isiharibike. Yalikaa hapo dakika 4 na sekunde 23. Waongozaji walikuwa wakiagiza wateja wakatiwe umeme, wengi na kwa haraka, na gridi ikapona. Ingeanguka yote, kuirudisha kungechukua wiki kadhaa, pengine miezi.

Uliotangazwa kuwa mgawo wa zamu haukuwa na zamu: wengi wa waliokatiwa walikaa bila umeme siku nzima, wengine siku tatu. Ajabu ni kwamba kati ya waliokatiwa vilikuwamo vituo vya kusukuma gesi, gesi ileile iliyokuwa ikisubiriwa na mitambo ya umeme. Ilikuwapo fomu ya kuomba kituo kisikatiwe umeme. Kampuni nyingi za gesi hazikuijaza, baadhi hazikujua kama ipo, na hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuziuliza. Idara ya afya ya jimbo ilihesabu vifo vya watu 246, wengi wao kwa baridi, baadhi wakiwa ndani ya nyumba zao.

Juni 2021 ndipo ilipopatikana sheria yenye meno: mitambo iandaliwe kwa baridi, ikaguliwe, na anayekaidi atozwe hadi dola milioni 1 kwa siku. Hata hivyo, rasimu ya kwanza ya kanuni za gesi iliruhusu kampuni ijiondoe kwenye orodha ya vituo muhimu, na hivyo iepuke kujiandaa, kwa kujaza fomu na kulipa dola 150. Maseneta waliisoma, wakawaka hadharani, na kanuni ikakazwa kabla ya kupitishwa.