Medali na Mkate: Askari Anadai Nini Baada ya Vita?



Ndugu msomaji, ukikaa Kanombe unakaa na jeshi. Kambi iko hapa, hospitali ya kijeshi iko hapa, na makaburi ya wanajeshi yako hapa. Katika msikiti wa mtaani kwetu kuna wazee wawili wanaoswali wameketi kwenye viti, ubavu kwa ubavu, kwa kuwa kila mmoja wao alipoteza mguu vitani. Mmoja aliingia nchini na Inkotanyi. Mwingine alikuwa askari wa jeshi la zamani, FAR. Kila tarehe 1 Februari, Siku ya Mashujaa, wa kwanza huvaa medali zake. Wa pili hana cha kuvaa. Lakini wote wawili wana mguu wa bandia, na wote wawili waliupata kwa msaada wa serikali.

Siku moja baada ya darsa, mwenzetu mmoja aliuliza: je, ni uadilifu serikali imtunze askari wa jeshi lililoshindwa kama inavyomtunza aliyeikomboa nchi? Mimi nilijibu haraka kwamba Uislamu ni dini ya usawa. Kisha nikamwona dada mmoja amenyamaza. Familia yake ilibaki watu wawili baada ya Mauaji ya Kimbari yaliyofanyiwa Watutsi mwaka 1994. Nikaona aibu. Jibu langu lilikuwa jepesi kwa sababu halikunigharimu kitu. Makala hii ni jaribio la kulijibu swali lile upya.

Tuanze na historia yetu. Swali hili liliwagawa watu wawili walio bora kuliko sisi. Abubakar (R.A.) alipokuwa khalifa aliwagawia watu mali ya Baitul Mali kwa usawa. Alipoambiwa awatangulize waliotangulia katika Uislamu na jihadi, hoja yake ilikuwa kwamba malipo ya kutangulia yako kwa Allah. Mali hii ni ya kuendeshea maisha, na katika maisha usawa ni bora. Umar (R.A.) alipomrithi alianzisha diwani, yaani daftari la wanaostahiki, akawapanga watu kwa daraja. Katika riwaya mashuhuri, Muhajirina waliopigana Badr waliandikiwa dirhamu 5,000 kwa mwaka. Yeye hakuona sawa kumlinganisha aliyepigana pamoja na Mtume (S.A.W.) na aliyepigana dhidi yake.

Hapa kuna mambo mawili tusiyapite. La kwanza, hata Umar hakuwafuta katika daftari wale waliosilimu baada ya Fat'h Makka, ambao jana yake walikuwa wakipigana na Waislamu. Aliwaandikia kidogo, lakini aliwaandikia. La pili, imepokewa kwamba mwishoni mwa uhai wake alitamani, kama angeishi mpaka mwaka unaofuata, awasawazishe watu katika mgao.

Silinganishi vita vya Rwanda na Badr, wala askari wetu na Maswahaba. Ninachochukua ni mizani tu. Abubakar na Umar wote walikubali kwamba watu hawalingani katika fadhila. Walitofautiana kama tofauti hiyo iingie kwenye sahani ya chakula.

Nchi yetu inaonekana kuwa imechukua kitu kwa kila mmoja wao. Katika heshima inapanga daraja: mashujaa wa taifa wako katika makundi matatu, Imanzi, Imena na Ingenzi, na medali za ukombozi na za kusimamisha mauaji ya kimbari zina masharti yake. Katika matunzo inaangalia hali ya mtu. Tume ya kuwarudisha wapiganaji katika maisha ya kiraia, iliyoanza mwaka 1997, iliwapokea waliotoka jeshi la ukombozi, waliotoka FAR, na waliorudi kutoka makundi yenye silaha Kongo. Na sheria iliyotungwa mwaka 2007 ya kuwalinda waliokuwa wapiganaji wenye ulemavu inawapanga kwa ukubwa wa ulemavu.

Mimi naona mgawanyo huu ni sahihi, na sababu yangu ni hii. Medali ni ushahidi. Inasema: kitendo hiki kilikuwa chema, watoto wakifuate. Ukimpa kila mtu, umetoa ushahidi wa uongo, na aliyesimamisha mauaji amewekwa sawa na aliyelitumikia jeshi la utawala ulioyapanga. Yule dada ana haki ya kukataa hilo. Lakini mkate na dawa si ushahidi wa jambo lolote. Ni haki ya mwenye njaa na mgonjwa. Ukimnyima kilema dawa kwa sababu ya bendera aliyoitumikia, umeigeuza dawa kuwa hukumu, na hukumu ina mahali pake. Aliyeua ana mahakama. Matunzo hayamsafishi mwenye hatia, na kunyimwa matunzo hakumlipii aliyeuawa.

Na heshima yenyewe tuipime kwa kiasi. Tunajua hadithi ya yule aliyepigana ili aitwe shujaa: aliitwa, akawa amekwisha kulipwa, na Akhera hakupata kitu. Pale Remera, katika makaburi ya mashujaa, daraja la juu la Imanzi lina Meja Jenerali Fred Gisa Rwigema, aliyeuawa Oktoba 1990, na pembeni yake yupo Askari Asiyejulikana. Kila nikipita hapo humkumbuka Umar alipoletewa habari za vita vya Nahawand. Alitajiwa majina ya waliouawa, kisha akaambiwa kuna wengine ambao yeye hawajui. Alilia, akasema kwa maana kwamba haiwadhuru Umar kutowajua, maadamu Allah anawajua.

Basi serikali inaweza kukosea katika kutoa medali, na Allah akasahihisha. Lakini ikikosea katika mkate, mtu analala na njaa usiku huu huu.

Dada yule nilimweleza haya baadaye. Hakuniambia kwamba ameridhika. Aliniambia: "Mwache atibiwe. Ila usiniombe nimpigie makofi." Nadhani alisema kwa maneno machache kuliko mimi.

Ijumaa iliyopita mzee wa Inkotanyi alichelewa. Yule wa FAR alikuwa ameshamwekea kiti.

Wallahu a'lam.