Mihadhara: Ushahidi kwanza, takbira baadaye

 

Ndugu msomaji, anayeujua mji wa Makambako anajua kuwa ni njia panda. Barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia inapita hapo, reli ya TAZARA inapita hapo, na hapo ndipo inapochepuka barabara ya Njombe na Songea. Ukiifuata hiyo, unaingia katika nchi ambayo wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walianza kazi tangu mwishoni mwa karne ya 19. Leo Walutheri wana dayosisi yao Njombe, na Wakatoliki wana jimbo lao. Sisi Waislamu huko ni wachache.

Kwa hiyo mhadhara wa mlingano wa dini Makambako au Njombe si sawa na wa Dar es Salaam. Msikilizaji wako kule si mpita njia. Ni mwenye nyumba wako, mteja wako wa mbao na viazi, au mjomba wa mkeo. Mnayoyasema jioni uwanjani, asubuhi mnakutana nayo sokoni.

Masheikh walioineza mihadhara hii miaka ya 1980, akina Ngariba Mussa Fundi na Mohamed Ali Kawemba, walisimama na Biblia ya Kiswahili mkononi. Nguvu yao ilikuwa hapo: kila msikilizaji aliweza kufungua ukurasa akajionea mwenyewe. Je, baadhi ya wahadhiri wetu wa leo wanafanya hivyo?

Hoja zisizo na miguu

Nimesikiliza mihadhara mingi, ya kuhudhuria na ya kanda. Hoja moja haikosekani: kwamba Injili nne zilichaguliwa kwa kura katika Mtaguso wa Nikea, mwaka 325. Ukweli ni kuwa mtaguso ule, ulioitishwa na Mfalme Konstantino, ulijadili mafundisho ya Ario, aliyesema kuwa Mwana aliumbwa. Kanuni zake zipo hadi leo, na hazina orodha ya vitabu vya Biblia. Orodha ya kwanza inayojulikana yenye vitabu 27 vilevile vya Agano Jipya imo katika barua ya Askofu Athanasio wa Iskandaria ya mwaka 367, yaani miaka 42 baadaye.

Hoja ya pili ni ile "Injili ya Barnaba". Nakala yake ya Kiitaliano iliyoko Vienna ni ya karne ya 16. Tena ndani yake Yesu anakana kuwa yeye ni Masihi, wakati Qur'an, katika Surat Aal Imran aya ya 45, inamwita Isa (a.s.) Masihi. Sasa Muislamu anakibebaje jukwaani kitabu kinachopingana na Qur'an yake mwenyewe?

Pale Makambako alinifuata kijana muuza vipuri, aliyesilimu baada ya mhadhara. Akaniambia: "Ustaadhi, kaka yangu ni mwinjilisti. Kanionyesha kitabu cha historia, habari ya kura za Nikea haimo. Kama hilo si kweli, na mengine niliyoambiwa je?" Ndugu zangu, swali hilo ni zito. Mtu ameacha dini ya wazazi wake, amegombana na ukoo, halafu tumempa nguzo iliyooza aiegemee.

Ushahidi upo

Na ushahidi wa kweli tunao, tena uko palepale Njombe. Chukua Biblia ya jirani Mlutheri, hesabu vitabu: 66. Chukua ya jirani Mkatoliki, hesabu: 73. Waulize kwa adabu: nani aliyepewa mamlaka ya kuweka mpaka, na lini?

Fungua Injili ya Luka, mistari minne ya mwanzo. Mwandishi mwenyewe anaeleza kuwa wengine walitangulia kuandika, naye akachunguza na kupanga habari. Haya si maneno ya mtu anayesema ameteremshiwa wahyi neno kwa neno. Fungua Marko sura ya 16. Nakala mbili mashuhuri za karne ya 4, ya Sinai na ya Vatikani, zinaishia mstari wa 8. Hiyo ya Sinai ina pia Waraka wa Barnaba (ambao si ile "Injili") na Mchungaji wa Hermas, vitabu ambavyo hutavikuta katika Biblia za leo.

Mkristo msomi atakujibu kuwa Mungu anaweza kumwongoza hata mtu anayechunguza, na kwamba wingi wa nakala ndio unaosaidia kujua kilichoongezwa. Hilo ni jibu lenye hoja. Lijibuni kwa hoja, msilizomee. Wala msidai kuwa mistari 12 yenye shaka inafuta kitabu kizima. Hata sisi hatuamini hivyo, kwani Surat al-Maida aya ya 48 inaitaja Qur'an kuwa yenye kusadikisha yaliyotangulia na kuyasimamia.

Mizani ni moja

Naye akikuuliza kuhusu nakala za kale za Qur'an zilizopatikana Sana'a, Yemen, mwaka 1972, usikasirike. Soma historia ya Zayd bin Thabit na kazi ya Khalifa Uthman (r.a.), umjibu. Dini ambayo wanazuoni wake wa hadithi walimchunguza kila mpokezi, mkweli ni nani na msahaulifu ni nani, haiogopi maswali.

Qur'an inawataka wenye madai walete ushahidi wao (2:111). Inatutaka tuchunguze habari kabla ya kuzieneza (49:6), na inatukataza chuki ya watu isitutoe katika uadilifu (5:8). Aya hizi hazikuteremka kwa ajili ya Wakristo peke yao. Sisi ndio wa kwanza kuambiwa.

Ushauri wangu kwa kamati za misikiti ya Makambako na Njombe: kabla ya kumpa mtu kipaza sauti, mkalisheni kwanza na wanaojua, aonyeshe kila hoja yake imetoka kitabu gani na ukurasa gani. Asiyeweza, asubiri hadi asome. Takbira ya uwanjani inadumu dakika moja, lakini aliyesilimu kwa hoja ya uongo ataishi na shaka miaka, na mbele ya Allah tutaulizwa juu yake.