Tembeeni, Lakini Msiburute Miguu

Wajukuu zangu, nisikilizeni kabla hamjaita pikipiki.

Kamina yetu ni njia panda ya reli. Hapa njia itokayo Lubumbashi hugawanyika: moja huelekea Ilebo, nyingine hushika Kabalo mpaka Kalemie. Wazee walioitumikia reli hiyo walikwenda kazini kwa miguu wakarudi kwa miguu, wala hakuna aliyewaambia kwamba wanafanya mazoezi. Ninyi mnapanda pikipiki hata kwenda sokoni, na anayetembea mnamwona amekosa pesa. Dharau hiyo mtailipa kwa mioyo yenu. Tansiyo na ugonjwa wa sukari havingoji mtu aote mvi.

Lakini si kila kutembea ni dawa. Nawaona jioni, simu mkononi, mkiburuta ndala barabarani. Mkiambiwa mkaze mwendo, mnajibu: polepole ndio mwendo. Methali hiyo inafundisha subira katika mambo ya maisha. Msiifanye kisingizio cha uvivu. Moyo hupata nguvu pale unaposukumwa kidogo kupita ulivyozoea.

Kipimo chake ni hiki. Kaza mwendo mpaka pumzi ianze kwenda mbio, lakini bado uweze kuzungumza na mwenzako. Ukiweza kuimba wimbo mzima wa kwaya, unazurura tu, ongeza. Ukishindwa kumaliza sentensi, umezidisha, punguza. Apendaye hesabu ahesabu hatua zake kwa robo dakika. Watafiti wameona kwamba kwa watu wazima wengi mwendo wenye faida huanzia kama hatua 100 kwa dakika, yaani 25 kwa robo dakika. Zikifika 130, hiyo ni kazi nzito. Mzee kama mimi huishiwa pumzi mapema zaidi, kwa hiyo kila mtu apimwe kwa pumzi yake, asishindane na jirani.

Na muda? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Nusu saa kwa siku, siku tano, inakufikisha kwenye 150. Ukikosa nusu saa ya mfululizo, igawe: dakika kumi asubuhi, kumi mchana, kumi jioni. Njia ya shule, ya soko na ya kanisa zote zinahesabiwa. Zile hatua 10,000 mnazozisikia kwenye simu zisiwatishe. Zilianzia kwenye jina la kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965.

Nawaonya pia. Msitembee juu ya mataruma ya reli: yanawavuruga hatua, na treni haisimami ghafla. Kiangazi, tokeni alfajiri kabla ya jua na vumbi. Aliyekaa muda mrefu bila kutembea aanze kidogo kidogo. Kifua kikibana au kizunguzungu kikikushika, simama, kisha nenda kituo cha afya, usijikaze kiume.

Basi, kesho wekeni nauli ya pikipiki mfukoni, mwende sokoni kwa miguu, kwa mwendo wa mtu anayewahi jambo. Anzeni sasa, wakati miguu ingali inawatii.