Mjukuu Wangu, Usilifumbe Jicho Hilo

Mjukuu wangu, nimesikia umepokelewa Pasiansi, kule Mwanza, kusomea uaskari wa wanyamapori. Nimefurahi. Sasa kaa hapa nikuambie neno moja kabla hujakabidhiwa bunduki.

Usifumbe jicho.

Najua vijana mtaambizana kwamba mlengaji hodari hufumba la kushoto. Mbele ya ubao wa shabaha, mkufunzi akiwa nyuma yako na hakuna anayepita, fumba ukitaka, risasi itafika. Lakini ubao haujawahi kumkimbilia mtu. Nyati humkimbilia, tena hutokea kichakani, ubavuni, upande uleule ulioufunga.

Macho mawili hukitazama kitu kutoka sehemu mbili, na kwa tofauti hiyo ndogo akili hupima umbali. Ukifumba moja umekitupa kipimo hicho, na pembeni umejipunguzia uwanja wa kuona. Na pembeni yako kwenye doria huwa kuna nani? Mwenzako.

Aliyefumba jicho moja ana rafiki nusu. Nimemzika kijana aliyepigwa na risasi ya mwenzake; aliinuka pembeni wakati mwenzake ameshafinya jicho na kuzama kwenye shabaha. Huyo aliyepiga alisifika sana ubaoni. Yu hai hadi leo, na sijaona anayemwonea wivu.

Risasi haijui njia ya kurudi nyumbani, mjukuu wangu. Nakuomba, usifumbe.

Utasema, “Babu, nikifumbua yote naona viwili viwili.” Ndiyo, mwanzoni. Tafuta kwanza jicho lako kiongozi. Nyoosha mikono, kutanisha viganja ubakize tundu dogo, tazama mti wa mbali kupitia hapo. Kisha fumba jicho moja, halafu lingine. Linaloendelea kuuona mti ndilo kiongozi; kwa wengi ni la kulia.

Likiwa la kushoto, nawe unashika bunduki kulia, usione haya kuhamia bega la kushoto. Károly Takács wa Hungaria aliharibiwa mkono wa kulia na guruneti mwaka 1938. Akajifunza bastola kwa mkono wa kushoto, akatwaa dhahabu ya Olimpiki London 1948, na nyingine Helsinki 1952. Wewe naomba ubadili bega tu.

Macho bado yakikusumbua, vaa miwani, bandika kipande kidogo cha selotepu isiyopitisha picha bali mwanga, upande wa jicho lisiloongoza. Hiyo ni ya mazoezini, porini uibandue. Usizibe kwa kitambaa cheusi, maana jicho moja likiwekwa gizani mboni ya la pili nayo hupanuka, na kulenga kunaharibika. Ndiyo sababu wapiga shabaha wengi wa mashindano huweka kizuizi cheupe.

Yule Mturuki, Yusuf Dikeç, alipopata medali ya fedha ya bastola kwenye Olimpiki ya Paris 2024 pamoja na mwenzake, dunia nzima ilizungumzia mkono wake mfukoni. Mimi nilimtazama macho: yote mawili wazi, na miwani ya kawaida tu.

Anza leo, bila bunduki. Nyoosha kidole gumba kuelekea kile kisiki, macho yote wazi, ukazie kidole. Visiki viwili vitatokea. Usivihofu, rudia kila jioni mpaka akili ichague kimoja. Na ukifika huko mfundishe na utakayepangwa naye doria. Macho yake ndiyo yatakayokuona wewe ukiinuka.