Kibanda cha Kuazima

"Vijana, nani amehamia hapa?"

Aliyeuliza ni nyanya mmoja wa mtaa wetu, Bulla Pesa, akipita na dumu lake la maji. Ndani ya ua wa kanisa aliona kibanda kipya: fito zilizokunjwa, mkeka ubavuni, majani ya mkoma juu. Vijana wakamweleza kwamba hakuna aliyehamia. Ni Sikukuu ya Vibanda, wakasema, Mungu aliwaagiza Wayahudi wakae vibandani siku saba, wakumbuke walivyoishi jangwani walipotoka Misri. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Na nyinyi ni Wayahudi?"

"Hapana, nyanya."

"Sasa mnakumbuka nini?"

Swali hilo limenikaa. Halihusu kibanda peke yake. Linahusu kama mtu anaweza kukumbuka kitu ambacho hakikumpata yeye wala babu zake.

Sura ya 23 ya Mambo ya Walawi haimwambii Mwisraeli akae afikirie jangwa. Inampa kazi ya mwili: ale mkate usiotiwa chachu, asikie baragumu, afunge siku ya upatanisho, alale chini ya matawi. Mtoto aliyezaliwa karne nyingi baada ya Kutoka anaamka usiku, anaona nyota kupitia paa, na mgongo wake unajua jambo ambalo masikio yake yalikuwa yamelisikia tu. Hapo ndipo ilipo nguvu ya sikukuu, na hapo hapo pana ugumu kwa Mkristo. Kumbukumbu inayokaa mwilini kiasi hicho ina wenyewe.

Hapa Isiolo majibu ninayoyasikia ni mawili. Wapo wanaomshika Paulo katika Wakolosai: sikukuu zilikuwa kivuli, Kristo amekuja, kivuli cha nini tena? Na wapo wanaosema Bwana aliziita sikukuu zake mwenyewe, kwa hiyo ni zetu sote, tuzishike zote. Majibu haya yote mawili yana haraka.

Anayeziacha kabisa anajinyima Injili yake mwenyewe. Chukua Yohana 7. Nyakati za hekalu, kila siku ya Vibanda kuhani alichota maji kisima cha Siloamu na kuyamimina madhabahuni, kwa maana kiangazi kilikuwa kinakwisha na watu walikuwa wanamwomba Mungu mvua. Nabii Zekaria alifika mahali pa kusema kwamba mataifa yasiyopanda kwenda kuishika sikukuu hiyo yatanyimwa mvua. Ni katika siku ya mwisho ya juma hilo Yesu aliposimama akapaza sauti kuwaita wenye kiu. Ukiondoa sikukuu, unabaki na msemo mzuri wa dini. Ukiirudisha, unasikia mtu akijitangaza kuwa jibu la ombi ambalo mji mzima umeliomba juma zima. Na sisi tunaijua saa hiyo. Vibanda huangukia Septemba au Oktoba, wakati ambapo huku mbavu za ng'ombe zinahesabika na kila mtu anatazama mawingu ya vuli. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022 misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha kaskazini mwa Kenya. Mtu aliyeuona mzoga wa ngamia kando ya barabara hahitaji mhubiri amfafanulie kiu.

Lakini anayezitwaa zote kuwa zake, naye ajue anachokitwaa. Semei Kakungulu, jemadari wa Buganda aliyekuwa amewatumikia Waingereza mashariki mwa Uganda, alisoma Biblia akaona hakuna kukaa katikati. Mwaka 1919, karibu na Mbale, alitahiriwa pamoja na wanawe. Mwaka uliofuata Myahudi mmoja mgeni alikaa nao miezi kadhaa akawafundisha kalenda na sikukuu. Wafuasi wa Kakungulu ndio jamii ya Abayudaya, na Idi Amin alipoipiga marufuku dini yao, wako waliozidi kuishika kwa siri. Kwao Pasaka haikuwa pambo la ibada. Namheshimu Kakungulu kuliko mtu anayenunua baragumu la kupiga Jumapili moja kisha akalitundika ukutani.

Na liko jambo zito zaidi, ambalo sijapata kulisikia mimbarini. Jumapili ya Pasaka ya mwaka 1903, mjini Kishinev katika Urusi ya wakati huo, Wakristo walianza kuwavamia majirani zao Wayahudi, waliokuwa wakimalizia Pasaka yao wenyewe. Wayahudi 49 waliuawa. Miezi michache baadaye Uingereza ikajitolea kuwapa Wayahudi ardhi ya kukimbilia, na ardhi yenyewe ilikuwa Uasin Gishu, hapa hapa Kenya. Ardhi ya watu wengine, iliyogawiwa bila kuulizwa wenyewe. Mpango ukakataliwa 1905. Basi historia ya sikukuu hizi imepita karibu nasi kuliko tunavyodhani, na Mkristo anayekaa kwenye meza ya Pasaka ya Kiyahudi anakalia kiti chenye damu. Hawezi kuingia kama mrithi aliyekuja kuchukua mali ya marehemu. Mwenyewe hajafa.

Aingieje, basi? Bulla Pesa imenifundisha. Siku ya Idd, sahani ya pilau ya majirani Waislamu huingia nyumbani kwangu ikiwa imefunikwa kitambaa. Nakula nafurahi, wala haijanipitia akilini kwamba Idd sasa ni yangu. Ikifika Krismasi namwita kijana wa nyumba hiyo aje achinje kuku wangu, ili sahani yao nitakayoirudisha, maana hairudi tupu, waweze kuila. Furaha yao imepita kwangu bila kuwatoka.

Torati yenyewe inajua tofauti hii. Amri ya kukaa vibandani imewekwa kwa wazalia wa Israeli. Lakini Kumbukumbu la Torati 16, inapoagiza watu waifurahie sikukuu hiyo hiyo, inawataja yatima, mjane, na mgeni. Amri ni ya mzalia, furaha imefunguliwa hadi kwa mgeni. Paulo naye aliwaonya Warumi: tawi la mzeituni mwitu lililopandikizwa lisijisifu juu ya shina.

Nyanya yule alirudi jioni, bila dumu. Alikizunguka kibanda, akainua macho, akaona nafasi baina ya majani. Hapa patavuja, akasema. Kijana mmoja akaanza kumweleza kwamba paa huachwa hivyo makusudi, ili nyota zionekane. Nyanya akamtazama. Nyumba za namna hiyo alizijenga mwenyewe kwa miaka mingi, akazibomoa, akazipakia juu ya ngamia, akazijenga tena mahali penye majani, na hakuna hata moja aliyoiacha ivuje.

"Lete kamba," akamwambia.

Tukampa kamba.