Je, Kunyamazisha ni Kuponya?

Liko swali moja ambalo kila mwenye kuongoza watu, wawe watoto wawili nyumbani au wanafunzi hamsini darasani, hana budi kulijibu. Lalamiko likisikika, kazi yake ni kuliondoa lalamiko, au ni kuliondoa jambo lililolileta? Wengi watajibu upesi kwamba ni hilo la pili. Walakini tukiyatazama matendo yetu, twaona ya kuwa mara nyingi twatenda la kwanza. Kisha kimya kikipatikana, twakiita amani.

Na tulipime swali hili kwa mfano wa mtambo, maana mtambo hauna hila wala upendeleo. Hujibu kwa kadiri ulivyotendewa. Tuchukue motokaa ya Kiingereza iitwayo MGB, motokaa ndogo iliyoundwa ili mtu afurahie mwendo. Ilitengenezwa katika mji wa Abingdon, Uingereza, tangu mwaka 1962 hata mwaka 1980, na jumla yake ilipita 500,000. Hata leo wako watu wengi, huko Uingereza na Marekani, wazitunzao kama urithi. Na kwa kuwa ni za zamani, injini zake hutoa sauti nyingi, na mwenyewe hutega sikio akijiuliza ipi ni sauti ya uzima na ipi ni ya ugonjwa.

Fundi mwema hakimbilii spana. Kwanza husikiliza. Hushika bisibisi ndefu, ncha yake akaigusisha chuma cha injini, na mpini wake akauweka sikioni. Akaenda akihamisha toka mahali hata mahali, kama daktari atumiavyo chombo alichokibuni Mfaransa Laennec mwaka 1816 ili kusikiliza vifua vya wagonjwa. Pili, hupima mwendo wa sauti. Mhimili uendeshao valvu huzunguka mara moja wakati mhimili mkuu wa injini uzungukapo mara mbili. Basi mlio mwepesi ufuatao nusu ya mwendo wa injini yamkini hutoka juu, penye valvu. Bali kishindo kizito kifuatacho mwendo mzima huenda kinatoka chini, penye beringi za mikono ya pistoni.

Tatu, hujaribu jambo moja moja. Huondoa waya wa plagi moja. Kishindo kikipungua, amejua ni pistoni ipi ya kuchunguzwa. Huvua mkanda wa feni kwa kitambo kidogo. Mlio ukikoma, kosa li katika pampu ya maji au katika mashine ya kutoa umeme, wala injini yenyewe haina hatia. Tena bomba la moshi likivuja pale liungapo na injini, hugonga mfano wa valvu hasa, na asiyechunguza aweza kuifungua injini nzima kwa kosa la gasketi moja. Hapa twapata funzo la kwanza: aliye karibu na kelele si lazima awe ndiye mkosaji.

Funzo la pili ni kubwa kuliko hilo. Kati ya kila valvu ya injini hiyo na mkono uisukumao huachwa nafasi ndogo sana, yapata sehemu 15 za inchi iliyogawanywa sehemu 1000. Kwa ajili ya nafasi hiyo mkono hugonga-gonga, kama cherehani ya fundi nguo. Mtu asiyeipenda sauti hiyo aweza kukaza skrubu hata nafasi ikaisha. Injini itatulia, na rafiki zake watamsifu. Lakini valvu ikishika moto hurefuka, na kwa kuwa haina nafasi, haiwezi tena kukaa sawasawa katika kiti chake. Nayo valvu ya kutolea moshi hupoa kwa kukaa juu ya kiti hicho. Isipokaa, moto hupenya pembeni, ukaula ukingo wake. Haya yote hutendeka kimya. Ndiyo sababu mafundi wa zamani husema kwamba valvu igongayo kidogo ni afadhali kuliko ile isiyosikika kabisa. Nao wahenga wetu, ambao hawakuona motokaa, walikwisha sema: kimya kingi kina mshindo mkubwa.

Iko na namna nyingine ya kunyamazisha, iliyo mbaya zaidi. Tangu zamani wauzaji wadanganyifu wa motokaa kuukuu wamejua kutia mafuta mazito mno katika injini iliyochakaa, au unga wa mbao katika sanduku la gia, ili mlio ufifie kwa siku ya kuuza tu. Mnunuzi husikia utulivu, akalipa. Chuma kilicholika hakikurudi hata chembe. Kilichogeuzwa ni ushuhuda. Shahidi amezibwa kinywa, na hukumu imekatwa pasipo yeye.

Labda msomaji atauliza, “Je, kila anung’unikaye asikilizwe? Wako walalamikao bila sababu.” Naam, wako. Hata injini ina sauti zake za uzima, na mtu aifunguaye kwa kila mlio ataiharibu kabla haijachakaa. Lakini angalia: yeye ajuaye kwamba mlio huu si kitu, amejua kwa kuusikiliza. Kupuuza baada ya kupima ni hekima. Kupuuza kabla ya kupima ni uvivu, ujapovikwa vazi la subira.

Mwanafunzi aulizaye sana huchelewesha somo. Akikaripiwa mara tatu, atanyamaza, na wenzake watanyamaza pamoja naye. Darasa limetulia, lakini mwalimu amepoteza kipimo chake, hajui tena ni nani aliyeelewa. Hali kadhalika baba ambaye nyumbani mwake hapana athubutuye kusema kuwa chakula hakitoshi, hana nyumba isiyo na njaa. Anayo nyumba yenye njaa asiyoisikia.

Basi, ndugu msomaji, ukisikia lalamiko, usiulize kwanza litakoma lini. Uliza latoka wapi, lafuata mwendo wa nani, na ukiondoa hili au lile, je, lapungua? Ukiisha kupata jibu, ndipo ukaze au ulegeze. Na kazi ikiisha kutengenea, huenda sauti ndogo itabaki. Usiichukie, wala usione haya kwa ajili yake. Siku itakapokoma yenyewe, hapo ndipo pa kufungua na kutazama.